Bereti kisogoni, stendi ya Moshi

SWALI: Mimi ni koplo, niko likizo Moshi. Stendi nakuta askari wadogo bereti ziko kisogoni. Niwaseme hapo hapo?

JIBU: Hapo hapo ndiyo, ila si mbele ya abiria. Mwite pembeni, taja cheo chako, na kama umevaa kiraia onyesha kitambulisho kwanza. Sema kosa lenyewe: nembo ikae juu ya jicho la kushoto, ukingo ulale sawa kwenye paji, kitambaa kiangukie sikio la kulia. Mara nyingi bereti huteleza kwa sababu kamba ya nyuma imelegea. Aikaze, afunge fundo, achomeke ncha ndani. Usimguse wala kumpigisha pushapu hadharani. Hiyo yaaibisha sare kuliko bereti iliyopinda. Akikaidi, chukua jina na kikosi, umpelekee sajini meja wake.