Siki haigandishi rangi kwenye pamba

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka huu nimeamua nisinunue nguo mpya, nizihuishe nilizo nazo. Nina gauni la bluu lililopauka mabegani na suruali mbili nyeusi za mtumba zilizopauka magotini. Nilinunua rangi nyeusi ya unga sokoni, nikazichemsha zote kwa saa nzima pamoja na chumvi na nusu kikombe cha siki, kama muuzaji alivyonielekeza. Gauni lilikolea, lakini nyuzi za mishono zimebaki bluu, na kila nikilifua linachuja. Limekwishaharibu kitenge changu. Suruali zimetoka kijivu chenye mabaka. Je, niongeze siki kiasi gani ili rangi igande?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiongeze siki hata kijiko kimoja. Nimefanya kazi ya batiki na kutia nguo rangi kwa miaka mingi, na hakuna ushauri ninaokutana nao mara nyingi kuliko huu, wala unaoharibu nguo nzuri za watu kwa wingi kiasi hiki. Siki ni asidi, na asidi husaidia sufu, hariri na nailoni kupokea rangi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Pamba inataka kinyume chake. Rangi zinazojifunga kwenye uzi wa pamba zikawa kitu kimoja nao, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1956, hufanya hivyo pale tu maji yanapotiwa soda ashi, yaani magadi yaliyosafishwa kiwandani, ya aina ile inayotengenezwa Ziwa Magadi kwa majirani zetu Kenya. Anayemimina siki katika maji hayo anaiua nguvu ya soda, na rangi aliyoinunua kwa fedha yake inaishia kumwagwa pamoja na maji ya kusuuzia.

Chumvi nayo imesingiziwa kazi isiyo yake. Kazi yake ni kuisukuma rangi itoke majini na kukifuata kitambaa, wala haiifungi huko. Rangi uliyouziwa, kwa jinsi ulivyoieleza, yaelekea ni ya jamii inayouegemea tu uzi wa pamba bila kujifunga nao, na ndiyo maana inarudi majini kila unapofua. Rangi ya namna hiyo haiwezi kugandishwa baadaye kwa kitu chochote cha jikoni, iwe siki, chumvi, limau au magadi ya kupikia maharage.

Sasa suruali. Kabla hujazigusa tena, chomoa nyuzi chache kutoka pindo la ndani, zishike kwa kibanio juu ya sahani, kisha uziwashe kwa mshumaa. Pamba huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na kuacha majivu laini yanayopeperuka ukiyapuliza. Poliesta, ambayo wengi wetu bado tunaiita tetroni, hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu cheusi ambacho hakivunjiki kwa vidole. Ukipata vyote viwili, mwali wa karatasi na punje ngumu ndani ya majivu, unacho kitambaa cha mchanganyiko, na mchanganyiko uliozoeleka sana katika suruali na sare za shule ni asilimia 65 poliesta na 35 pamba. Nguo za mtumba mara nyingi lebo zake zimekwisha kukatwa, kwa hiyo mshumaa ndiyo lebo yako. Natarajia utaona punje hiyo. Maana yake ni kwamba rangi yako ilipata nafasi kwenye theluthi tu ya kitambaa, na hicho ndicho kijivu unachokiona. Nyuzi za mishono ya gauni zimebaki bluu kwa sababu hiyohiyo: gauni ni la pamba, lakini uzi wa cherehani siku hizi kwa kawaida ni wa poliesta.

Poliesta haipokei rangi ya pamba kabisa. Inataka rangi zake yenyewe, na kiwandani huzipokea kwa joto la digrii 130 ndani ya mtungi uliofungwa kwa shinikizo. Sufuria yako haivuki digrii 100 hata ukiichochea kuni usiku kucha, na kwa aliyeko Mbeya, juu ya mita 1,600, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Suruali hizo ziache zilivyo, au uzipeleke kwa fundi cherehani azibadilishe kuwa kaptura, kwa kuwa palipopauka ni magotini.

Gauni linafaa kurudiwa, kwa sharti moja: vuta kitambaa cha mabegani kwa vidole gumba viwili. Jua linalovunja rangi hudhoofisha uzi pia, na kitambaa kinachochanika kwa mkono hakirudishiwi uhai kwa rangi. Kikistahimili, lifue kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Kisha tafuta kwa wachapaji wa batiki rangi ya pamba inayotumia soda ashi kwa maji ya uvuguvugu. Kwa kilo moja ya nguo kavu chukua lita 20 za maji, gramu 60 hadi 80 za rangi nyeusi, kilo moja na nusu ya chumvi na robo kilo ya soda ashi. Anza na rangi na chumvi, geuzageuza nguo kwa nusu saa bila kupumzika, kwa maana mabaka hutokana na mkono uliochoka. Itoe, mimina soda uliyoiyeyusha pembeni, irudishe kwa saa moja zaidi. Suuza kwa maji baridi, halafu ichemshe na sabuni mara mbili au tatu, kwa kuwa rangi ambayo haikujifunga ni lazima itoke siku hiyohiyo.

Linalonisumbua zaidi ni wale wanaouza pakiti moja wakisema ni ya nguo zote. Muuzaji wa rangi ambaye hakukuuliza nguo yako ni ya nini hajui anachokuuzia, au anajua na hajali. Wapo pia wanaopima kostiki soda kwenye vifuko visivyo na maandishi na kumpa mama aende nayo nyumbani kwenye watoto, ilhali hiyo huunguza ngozi na macho, na sisi wenyewe huishika kwa glavu. Hata unga wa rangi salama usiufungue bila kufunika pua, kwa sababu vumbi lake linaweza kuleta pumu, na sufuria iliyotiwa rangi isirudi kupikia wali.

Kitenge chako usikipige pasi wala kukianika juani kabla doa halijatoka. Kiloweke kwa maji ya moto na sabuni ya unga usiku mzima, ukisugue, urudie. Jiki usiiguse, maana itaondoa maua ya kitenge pamoja na doa.