Kupaka rangi otomata za seli: programu ninazotumia, na rangi zenyewe zinatoka wapi

Ndugu, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Kwa atakayeingia hapa bila kusoma huko juu: mwenzetu ameandika Game of Life, ambayo ni otomata ya seli (gridi ya seli zinazozaliwa na kufa kila kizazi kwa kufuata majirani zao), kwa Python, inakwenda vizuri, lakini picha ni nyeusi na nyeupe, na akiweka paleti (orodha ya rangi) ya upinde wa mvua anapata fujo. Anauliza atumie programu gani kwenye laptopu ya zamani, na mwishowe anataka A3 ya kutundika ukutani. Wenzangu wamekutajia programu sita. Mimi nitaanzia kwingine, kwa sababu hata ukizipakua zote sita fujo itabaki.

Game of Life ina hali mbili tu, hai na mfu. Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi, seli mfu yenye watatu kamili huzaliwa, na nyingine zote hufa au hubaki mfu. Mwanahisabati John Conway aliibuni hivyo makusudi, na ilipotangazwa kwenye jarida la Scientific American mwezi Oktoba 1970, mtu angeweza kuicheza kwa kete juu ya ubao wenye miraba. Sasa, safu iliyojaa 0 na 1 ukiipa paleti ya rangi 256, itachukua rangi ya kwanza na ya mwisho, basi. Zile rangi nyingine ulizoziona kwenye kingo za seli hazikutoka kwenye mchezo. Ni matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora, imekulainishia picha wakati wa kuipanua au kuibana. Weka interpolation='nearest' kwenye imshow, amri yake ya kuchora picha, na zitatoweka papo hapo, halafu utabaki na rangi mbili zako. Kwa hiyo kabla ya kuchagua paleti, amua ni habari gani ya ziada unataka seli ibebe. Mimi hutumia umri, muda tangu ife, ukoo wake, au hali ya majirani walioizaa. Kila moja hutoa picha tofauti kabisa kutoka mchezo ule ule.

Anza na umri. Huu ndio msimbo ninaotumia (g ni gridi ya 0 na 1, np ni maktaba ya numpy), na hata kompyuta dhaifu inaubeba:

majirani = sum(np.roll(g, (i, j), (0, 1)) for i in (-1, 0, 1) for j in (-1, 0, 1) if (i, j) != (0, 0))
mpya = (majirani == 3) | ((g == 1) & (majirani == 2))
umri = np.where(mpya, umri + 1, 0)
kaburi = np.where(mpya, 0, kaburi + 1)
g = mpya.astype(int)

Safu ya umri inahesabu vizazi ambavyo seli imeishi mfululizo. Safu ya kaburi inahesabu vizazi tangu ife. Anzisha kaburi kwa namba kubwa, tuseme 9999, la sivyo ardhi ambayo haijawahi kukaliwa itaonekana kama imefiwa jana. Kisha wape walio hai rangi za moto, kuanzia njano hafifu hadi nyekundu iliyoiva, na wafu rangi za baridi zinazofifia kuelekea rangi ya ardhi. Hapo picha moja iliyosimama inakuonyesha mwendo. Glaida, umbo la seli tano ambalo husogea hatua moja ya mshazari kila baada ya vizazi vinne, haipati nafasi ya kuzeeka, kwa hiyo daima ni ya njano, na nyuma yake kuna mkia wa bluu unaokuonyesha ilikotoka. Blinka, kijiti cha seli tatu kinachogeuka wima na mlalo kila kizazi, ni nzuri zaidi: seli ya katikati haifi kamwe ilhali za pembeni zinazaliwa upya kila mara, hivyo unapata kiini chekundu chenye ncha za njano. Kwa rangi nyeusi na nyeupe ungeona kijiti cha seli tatu tu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, usihifadhi umri kwenye namba za aina ya uint8. Aina hiyo inafika 255 na inayofuata ni 0, kwa hiyo bloku (mraba wa seli nne usiobadilika) iliyotulia kwa vizazi 256 itaonekana ghafla kama mfu. Tumia int32, kata kwa np.minimum unapochora tu. La pili, usitumie skeli ya mstari, yaani rangi ipande sawasawa na umri. Bloku haifi, umri wake unapanda bila kikomo, na baada ya vizazi elfu moja wazee wachache wanakuwa wamechukua paleti nzima, vijana wote wamesongamana kwenye rangi moja ya mwanzo. np.log1p(umri) inamaliza shida hiyo. Na kama unatengeneza video, weka vmin na vmax (mwisho wa chini na wa juu wa paleti) kwa mkono mara moja. Usipoweka, imshow inapima upya kila fremu, na seli ambayo haijabadilika itabadilika rangi kwa sababu mzee mmoja mahali fulani amekufa. Watu wengi wanaoniambia video yao inapepesa, shida huwa ni hiyo.

Kwa A3 yako ningependekeza R-pentomino. Ni seli tano tu, lakini inahangaika hadi kizazi cha 1103 ndipo itulie, ikiwa na seli 116: bloku nane, glaida sita zinazokimbilia mbali, na vitu vingine vidogo. Msimbo niliokupa hapo juu unaunganisha kingo, yaani anayetoka kulia anaingilia kushoto, kwa hiyo kwenye gridi ndogo glaida zitazunguka na kurudi kuvunja kile kilichotulia, na hizo hesabu hutazipata. Gridi ya 700 kwa 700 inatosha kufika 1103 bila kisa hicho. Na inaangukia vizuri: A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, na 700 mara pikseli 5 ni 3500. Zidisha kwa namba nzima kila wakati, np.repeat kwenye pande zote mbili inatosha. Ukizidisha kwa 5.3 baadhi ya seli zitakuwa nene kuliko nyingine, na jicho litaona milia isiyokuwepo.

Ukoo ni jambo jingine. Seli mpya ina wazazi watatu kamili, si ndiyo? Basi gawa walio hai rangi mbili, na mtoto achukue rangi ya wazazi walio wengi. Kwa watatu na rangi mbili hakuna sare. Watu huiita Immigration. Ya rangi nne ni QuadLife: wazazi watatu wakiwa wa rangi tatu tofauti, mtoto anapewa ile ya nne. Uzuri wake ni kwamba mchezo wenyewe haubadiliki hata seli moja, ni rangi tu inayosafiri juu yake. Ukianza na nusu ya kushoto nyekundu na ya kulia bluu, utaona mpaka ukisukumwa huku na huku kama kampeni za uchaguzi mdogo. Binafsi naiona inafaa zaidi kwa video. Ikiwa imesimama ni madoa.

Kama uko tayari kuacha Game of Life kando, kwa ukuta hakuna kinachoshinda otomata za mstari mmoja, zile za Stephen Wolfram alizoanza kuzichapisha mwaka 1983. Kila mstari ni kizazi, unashuka chini. Chukua Kanuni ya 30 (Wolfram alizipa kanuni zake namba) kutoka seli moja nyeusi; 1 ni nyeusi, 0 ni nyeupe. Badala ya kupaka nyeusi na nyeupe, paka kwa kufuata watatu wa juu walioizaa seli hiyo. Kuna mipangilio minane: minne (100, 011, 010, 001) huzaa 1, minne huzaa 0. Basi ipe ile minne ya kwanza rangi nne za giza, na ya pili rangi nne hafifu. Ukisimama mbali unaona pembetatu ile ile ya siku zote, ukisogea unaona kitambaa. Na upande wa kushoto, kwenye ile milia ya mshazari iliyo na mpangilio, rangi zinajirudia kwa zamu, ilhali kulia jicho halioni zamu yoyote. Kwa A3 iliyolala, mistari 310 inakupa upana wa seli 619, na kwa pikseli 8 kila seli unapata 4952 kwa 2480. Nafasi inayobaki iache wazi.

Kwa wale wa Pwani: konokono wa baharini aitwaye Conus textile, ambaye anapatikana Bahari ya Hindi, ana gamba lenye pembetatu zinazofanana sana na hizi. Muangalie kwa macho tu. Ana sumu inayoweza kuua mtu.

Na kisa kimoja cha rangi ambacho hunichekesha. Stesheni ya treni ya Cambridge North, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa imevikwa mabati yenye matundu, na wasanifu wakasema ni Game of Life kwa heshima ya Conway. Wanaojua wakatazama wakaona ni ya Wolfram. Hasa ni Kanuni ya 135, ambayo ni Kanuni ya 30 iliyobadilishana nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo usidhani kugeuza rangi ni urembo tu, unaweza kuwa umebadilisha na namba ya kanuni.

Sasa kuhusu Golly, programu ya kuendesha otomata za seli ambayo karibu kila aliyejibu ameitaja. Ni nzuri mno, ni ya bure, laptopu yako itaiweza, na mimi huifungua karibu kila siku. Inatumia mbinu ya Hashlife aliyoichapisha Bill Gosper mwaka 1984, inayokumbuka vipande vinavyojirudia badala ya kuvihesabu upya, kwa hiyo inaruka mamilioni ya vizazi kwa mchoro wenye mpangilio. Lakini kwa kusudi lako ina mpaka: inapaka rangi kwa hali ya seli, haina habari ya umri. Na Hashlife hairuki huku ikihesabu miaka ya kila mmoja njiani. Njia ya karibu ni kanuni inayoitwa LifeHistory inayokuja nayo, ambayo huacha alama pale seli ilipowahi kuishi. Golly inang'aa kwenye kanuni zenye hali nyingi, kama Brian's Brain au WireWorld, zote za Brian Silverman. Rangi unaziandika kwenye faili la kanuni, sehemu ya @COLORS: namba ya hali, kisha nyekundu, kijani, bluu. Jina la faili lifanane na lile lililo kwenye @RULE, la sivyo haitalipata.

Nimeona mtu amependekeza upinde wa mvua tena kwa otomata za mzunguko, zile za David Griffeath, ambapo seli ya hali 0 huliwa na jirani wa hali 1, 1 na 2, mpaka ya mwisho inapoliwa na 0. Hapo yuko karibu na ukweli, kwa sababu hali zenyewe zinazunguka, na paleti lazima izunguke pia. Ukitumia viridis, paleti ambayo naipenda kwa umri, hali ya mwisho ni njano na ya 0 ni zambarau ya giza, na unapata mpasuko mkali mahali ambapo hakuna mpasuko. Lakini upinde wa mvua una njano inayopiga kelele kuliko wenzake wote. Jaribu paleti ya twilight inayozunguka, imo ndani ya matplotlib. Anza na seli za nasibu, hali 14, subiri vurugu ipite, na mizunguko ya konokono itajitokeza yenyewe.

Hii ndiyo niliyoipeleka kwenye kitambaa. Kumbuka kingo zetu zimeunganishwa: kulia kunaendelea kushoto, juu kunaendelea chini. Maana yake ukipanga nakala za picha hiyo bega kwa bega, hakuna mshono unaoonekana. Mtu anayebuni kitenge anatoka jasho kupata marudio ya namna hiyo, na hapa np.roll imekupa bure. Niliwahi kuweka kipande cha majaribio mezani kwa muuzaji mmoja Biashara Street katikati ya vitambaa vyake, akaniuliza ni mzigo wa nchi gani.

Uchapaji, kwa kifupi. Hifadhi PNG, usihifadhi JPEG, maana JPEG hupaka ukungu wa rangi kwenye kingo kali, na picha yetu ni kingo kali tupu. Mafundi wengi wa uchapaji wa River Road, Nairobi, watakuambia utume kwa WhatsApp. Sawa, lakini tuma kama hati, si kama picha, au peleka kwenye flashi. Kijani na bluu za kuwaka kwenye skrini hazipo kwenye wino, zitatoka zimepooza, kwa hiyo chagua paleti ambayo haitegemei hizo. Ardhi nyeusi iliyojaa hunywa wino na kukunja karatasi nyepesi. Mimi hutumia ardhi ya rangi ya krimu kwa karatasi na nyeusi kwa skrini. Omba fundi akukatie kipande kidogo cha majaribio kabla ya A3 nzima, na mwambie asiguse kitufe cha kutosheleza ukurasa, kwa sababu hapo ndipo ile 5.3 hurudi kwa mlango wa nyuma.

Ukikwama, pandisha hapa msimbo wenyewe na PNG ya ukubwa halisi, pikseli moja kwa seli. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hainisaidii kuona chochote.