Faili la zamani au lililochakatwa upya? Swali kuhusu picha za Hubble

SWALI: Nina picha za fungunyota la 47 Tucanae zilizopigwa na kamera ya WFC3/UVIS ya darubini ya Hubble kwa kichujio F606W, mwaka 2010 na 2021. Za 2010 nimepewa na mwenzangu aliyezipakua 2012. Za 2021 nimezitoa mwenyewe kwenye hifadhi ya MAST. Nimepima mafaili ya _flt ya miaka yote miwili, na nyota nyingi hafifu zinaonekana kufifia kwa magnitudo (kipimo cha mng'ao wa nyota) 0.05 hadi 0.1. Nimeshauriwa nishikilie mafaili ya asili kwa sababu yaliyochakatwa upya "yameshaguswa". Nitumie yapi?

JIBU: Aliyekushauri hivyo amekupotosha, na ni ushauri unaosambaa kila mahali. Faili la _flt la 2012 si la asili. Limeshapita kwenye calwf3, programu ya kusawazisha picha za WFC3, likaondolewa baias (kiwango cha umeme cha kuanzia) na mkondo wa giza (elektroni zinazojitokeza bila mwanga), likagawanywa kwa flati (picha inayoonyesha tofauti za usikivu wa pikseli), yote kwa mafaili ya rejea, yaani vipimo vya kamera, yaliyokuwepo wakati huo. Faili la asili ni _raw, na hesabu za pikseli zake hazibadiliki. Hifadhi inapochakata upya huanza tena na _raw hiyohiyo. Kilichobadilika ni ujuzi wetu wa kamera, kwa hiyo kung'ang'ania _flt ya 2012 ni kung'ang'ania makadirio ya zamani.

Kwa kisa chako, shaka ya kwanza ni upotevu wa chaji. Mionzi ya angani huharibu chipu za kitambuzi mwaka hadi mwaka, na elektroni hunaswa njiani zinaposogezwa kuelekea amplifaya (vikuza-ishara vinavyozisoma), ambazo ziko kwenye pembe nne za kamera. Nyota iliyo karibu na ufa wa katikati, kati ya chipu mbili, husogezwa pikseli zaidi ya 2000, na ikiwa ni hafifu juu ya mandharinyuma meusi hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake. Mwaka 2010 kamera ilikuwa na mwaka mmoja tu angani (iliwekwa Mei 2009), hivyo hasara ilikuwa ndogo. Kufikia 2021 ilikuwa imekua sana. Faili la _flt halirekebishi hilo. Linalorekebisha ni _flc, na kwa WFC3 mfumo wa hifadhi ulianza kulitoa 2016, ndiyo maana halimo kwenye diski ya mwenzako.

Usiniamini bila kupima. Chora tofauti ya magnitudo ya kila nyota dhidi ya umbali wake kutoka amplifaya kwa mhimili wa Y. Mstari ukiinama, na ukainama zaidi kwa nyota hafifu, ni chaji. Nyota zote zikihama kwa kiasi kilekile, angavu na hafifu, ni PHOTFLAM, thamani ya kugeuza hesabu za kamera kuwa mng'ao: mwaka 2020 WFC3 ilipewa thamani zinazofuata tarehe ya picha, kwa kuwa usikivu wa UVIS hushuka takriban asilimia 0.1 hadi 0.2 kwa mwaka. Soma PHOTFLAM kwenye heda (maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili) ya kila faili; usichukue thamani moja ya jedwali la zamani ukaibandika kote. Na chipu moja ikitofautiana na nyenzake, tazama FLUXCORR, hatua inayolinganisha chipu mbili, ambayo mafaili ya 2012 hayana.

Suluhisho ni kupakua upya _raw, _asn (orodha ya picha zinazochakatwa pamoja) na _flc za miaka yote miwili siku moja, kisha kulinganisha kwenye heda CAL_VER (toleo la calwf3), IMPHTTAB (jedwali la mng'ao) na PCTETAB (jedwali la kurekebisha chaji). Vikitofautiana, endesha mwenyewe amri hii, inayoleta mafaili mapya ya rejea:

crds bestrefs --update-bestrefs --sync-references=1 --files *_raw.fits

halafu calwf3 kwa zote. Pima kwenye _flc ukizidisha kwanza kwa ramani ya eneo la pikseli, kwa sababu eneo hilo hutofautiana takriban asilimia 7 toka pembe hadi pembe. Kumbuka _flc iko kwa elektroni, _drc (picha iliyonyooshwa na kuunganishwa) kwa elektroni kwa sekunde. Tena, urekebishaji wa chaji hukuza kelele na haurudishi kila kilichopotea. Nyota iliyo kwenye ukingo wa kuonekana usiijengee hoja.

Faili la zamani lina kazi moja halali: kurudia kipimo kilichochapishwa, ili uone mwandishi aliona nini. Hapo litunze na uliandikie tarehe ya kupakuliwa.

Kinachonikera zaidi ni mchanganyiko. Mtu huweka kipindi kimoja cha kalibresheni ya kale pembeni mwa kingine kipya, kisha hutangaza nyota inayobadilika. Kwa darubini ya James Webb (JWST) ni hatari zaidi: katika miezi ya kwanza ya kazi yake ya kisayansi, mwaka 2022, viwango vya mng'ao vya kamera yake ya NIRCam vilirekebishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwenye baadhi ya vitambuzi, na mafaili ya Julai yaliyobaki kwenye kompyuta za watu bado yanapimwa leo kana kwamba hakuna kilichotokea. Soma CRDS_CTX, neno la heda linalotaja seti ya mafaili ya rejea iliyotumika, kabla ya kitu kingine chochote.

Wapo pia wanaokimbilia mozaiki iliyounganisha picha za miaka mingi kwa kuwa ndiyo mpya na ndiyo nzuri machoni. Humo nyota inayobadilika imeshawekwa wastani, na kitu kinachosogea huenda kimefutwa kama mwale wa kosmiki. Na wapo wanaonadi "data ghafi isiyochakachuliwa" iliyopitishwa kwenye programu za kunoa picha kwa akili bandia. Thamani za pikseli hizo si elektroni tena. Maelezo madogo yamebuniwa na programu, na hakuna hesabu itakayokurudisha kwenye kilichopokelewa na kamera. Anayekupa picha ya kupima bila heda ya FITS (muundo wa mafaili ya picha za kisayansi za anga), mrudishie.