Aliyeijenga roboti si lazima awe dereva

Msimu wa kwanza nilipolea timu ya roboti hapa Moshi, padi, kile kidude cha vitufe cha kuiongozea roboti, nilimkabidhi kijana aliyefunga karibu kila skrubu yake. Niliona ni haki yake. Mechi ilipoanza, masikio yake yalikuwa kwenye gia, si kwenye uwanja. Kila roboti ilipogongwa alilegeza vidole, kama mzazi anayeona mwanawe akianguka. Katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi tunayoshiriki, roboti hujiendesha kwa programu sekunde 30, kisha madereva wana dakika 2 tu. Zinakwisha haraka ukiwa unaihurumia mashine.

Siku hizi nawajaribu wote, hata wale wakimya. Tunachora kwa chaki mraba wa mita 3.6 kwenye sakafu ya bwalo, tunapanga ndoo tatu, kila mmoja anaiendesha roboti kuzizunguka mara kumi nami nahesabu sekunde kwa simu. Mzunguko mmoja wa kasi haunishawishi. Natafuta ambaye mizunguko yake inalingana, na namtazama anapogonga ndoo: akigeukia wenzake kuona kama wanacheka, bado. Msimu uliopita aliyetulia kuliko wote alikuwa binti wa kidato cha pili ambaye hajawahi kucheza gemu maishani.

Kinachowatesa wote ni roboti inapowajia uso kwa uso, kushoto kwake kukawa kulia kwao. Kichwa kinaelewa, vidole vinakataa. Hapo maelezo hayasaidii. Robo saa kila siku, roboti ikianzia upande wa mbali, inafaa kuliko Jumamosi nzima, kwa sababu betri ikishuka roboti inakuwa nzito, na dereva anazoea mwendo ambao siku ya mashindano hataukuta. Umeme ukirudi, betri kwanza, simu baadaye.

Ndiyo maana wiki tatu kabla ya mashindano nafungia spana. Wajenzi wananung'unika, nami nawaelewa, lakini mkono mpya wa kunyanyulia, hata uwe bora namna gani, unamrudisha dereva mwanzo kabisa.

Madereva ni wawili, mmoja wa magurudumu, mwingine wa mkono. Kando yao husimama kocha, mwanafunzi mwenzao, na yeye peke yake ndiye anayesema: "rudi", "achia", "subiri", na sekunde zilizobaki. Wiki ya mwisho naita wanabweni waje wapige madebe pembeni. Dereva asipomsikia kocha, tunaanza upya.