Usizime uthibitishaji, badili njia tu

Ndugu, unataka kuzima uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ile namba ya ziada baada ya nenosiri, kwenye akaunti yako ya gemu. Kero yako naielewa: wenzako wameshaanza gemu, wewe bado unasubiri SMS ya tarakimu 6. Lakini usiuzime. Mimi nilizima, asubuhi nikakuta barua pepe ya akaunti imebadilishwa na silaha zangu zote zimegawiwa.

Hamia kwenye programu ya kuzalisha namba simuni. Namba hiyo hubadilika kila sekunde 30, haisubiri mtandao, na mtu akiiteka laini yako haipati. Kompyuta yako mwenyewe iwekee "kumbuka kifaa hiki". Ya kuazima, thubutu! Namba za akiba, zile za kuingilia ukikosa simu, andika kwenye karatasi, simu hupotea. Anayekuomba namba, hata akijiita huduma kwa wateja, ni tapeli. Ukishaibiwa, wahi wenye gemu na risiti zako za manunuzi.