Kujaza Risasi za Rivolva Zenye Teke Dogo kwa Ajili ya Shabaha

Anayelenga shabaha za karatasi kwa kujifurahisha hahitaji nguvu kubwa. Anahitaji risasi inayokwenda pale ilipoelekezwa, na bastola isiyomfanya afumbe macho kabla ya kuvuta triga. Risasi nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa matumizi mengine, na ndiyo maana wapenzi wengi wa rivolva, nami nikiwamo, huishia kujijazia wenyewe. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na rai yangu ni kwamba teke dogo, yaani bastola kurudi nyuma kwa upole inapofyatuliwa, halipatikani kwa kupunja baruti. Hupatikana kwa kuchagua vizuri bastola, ganda, kichwa cha risasi na aina ya baruti, kisha kukaa ndani ya mipaka iliyochapishwa na watengenezaji, mpaka wa chini ukihesabiwa sawa na wa juu. Ninamwandikia mtu ambaye anamiliki silaha yake kihalali na anazijua hatua za msingi za kujaza. Iwapo sheria za nchi yake zinakataza kujaza risasi nyumbani, au zinaweka kikomo cha baruti na fataki (vile vifuko vidogo vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti) anazoruhusiwa kuhifadhi, basi hayo hutangulia yote yanayofuata hapa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu huokoa pesa na maumivu ya mkono. Teke hutokana na uzito wa kichwa ukizidishwa kwa kasi yake, pamoja na mchango wa gesi za baruti, yote hayo yakigawanywa kwa uzito wa bastola. Chukua kichwa cha greni 158, yaani takriban gramu 10.2, kinachokwenda mita 230 kwa sekunde kutoka kwenye rivolva yenye uzito wa kilo 1.1. Tukiziacha gesi kando, bastola hurudi nyuma kwa nishati ya takriban jouli 2.5. Kichwa hichohicho kikienda mita 380 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya .357 Magnum, risasi kali ya rivolva, nishati hiyo hufika karibu jouli 7, na gesi za baruti nyingi huipandisha zaidi. Sasa rudi kwenye ile risasi ya kwanza, ya mita 230, uitie katika rivolva ndogo ya mfukoni yenye gramu 425: nishati inarudi kuwa jouli 6.5. Kwa maneno mengine, risasi ya kawaida katika bastola nyepesi hukupiga karibu sawa na Magnum katika bastola nzito. Kwa hiyo mtu anayeniuliza baruti gani itamtulizia bastola yake ndogo, mimi humuuliza kwanza kama anaweza kupata nyingine yenye fremu ya chuma na mtutu wa inchi nne au sita. Mpini unaojaa kiganja nao husaidia, ingawa hauondoi nishati. Huitandaza tu juu ya eneo kubwa zaidi la mkono.

Kwa upande wa risasi zenyewe, sijaona inayoishinda .38 Special kwa kazi hii. Smith & Wesson waliitoa mwaka 1898, wakati ambapo baruti nyeusi ilikuwa bado haijaondoka, na baruti ile ilihitaji nafasi kubwa ndani ya ganda. Baruti za kisasa zisizo na moshi zinahitaji sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Kikomo cha shinikizo cha .38 Special, kwa viwango vya Marekani, ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .357 Magnum, iliyozaliwa mwaka 1935 kwa kurefushwa kwa ganda lilelile kwa zaidi kidogo ya milimita 3, inaruhusiwa kufika 35,000. Mwenye rivolva ya .357 Magnum basi ana bahati, kwa kuwa .38 Special huingia na kufyatuliwa humo bila shida, na bastola yenyewe kwa kawaida ni nzito. Kinyume chake hakiruhusiwi, na urefu wa ganda uliongezwa makusudi ili kisiwezekane. Wenye .44 Magnum hupata nafuu hiyohiyo kwa kutumia .44 Special.

Ile nafasi tupu ndani ya ganda, hata hivyo, ndiyo asili ya hatari kubwa zaidi katika kazi hii. Baruti ya risasi ya shabaha haifiki hata theluthi moja ya gramu, nayo hulala chini ya ganda kama haipo. Ukijaza ganda mara mbili kwa kupitiwa, baruti haitamwagika. Hata mara tatu huenda ikaenea, na kichwa kikakaa juu yake vizuri kabisa. Risasi ya namna hiyo inaweza kuipasua silinda, ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya kuwekea risasi. Watu huogopa risasi kali za Magnum, lakini ganda la Magnum huwa limejaa baruti inayowaka polepole, kiasi kwamba kosa la kujaza maradufu hujionyesha lenyewe juu ya meza. Risasi dhaifu haina ulinzi huo.

Kwa sababu hiyo utaratibu wangu wa mezani haubadiliki. Baruti huwa ni aina moja tu mezani, katika chombo chake cha asili chenye lebo, na nyingine zote hubaki kabatini. Maganda hamsini hukaa katika ubao wenye matundu yakiwa yamepinduliwa, midomo chini. Ninashika moja, naligeuza, nalitia baruti kutoka kwenye kipimio, kisha nalirudisha upande wa pili wa ubao likiwa limesimama; ganda linalotazama juu lina baruti, linalotazama chini halina. Yote yakishajazwa, nachukua tochi na kupita safu kwa safu nikimulika ndani ya kila ganda. Jicho lina uwezo mkubwa wa kugundua tofauti pale vitu vinapokuwa vimepangwa pamoja: baruti huonekana kama kisahani cha kijivu chini ya kisima, na kisahani kimoja kikiwa juu kuliko jirani zake, au kisima kimoja kikiwa na fataki tupu inayong'aa, kinaonekana mara moja. Hakuna kichwa kinachowekwa juu ya ganda kabla ya ukaguzi huo. Kuna wanaotegemea kupima uzito wa risasi iliyokamilika ili kugundua kosa, nami siwashauri, kwa sababu tofauti za uzito kati ya ganda na ganda, na kati ya kichwa na kichwa, zinaweza kuzidi uzito wa baruti yote. Redio huzimwa, simu huachwa chumba kingine, na mgeni akibisha hodi, ubao mzima humiminwa upya baruti yake na kuanzwa tena. Mke wangu huniona nimezidi, na huenda ni kweli.

Hatari ya pili ni ya upande wa chini. Baruti ikiwa haitoshi, au isipokuwepo kabisa, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Ukifyatua risasi ya pili nyuma yake, mtutu huvimba au hupasuka. Aina ya kichwa ina umuhimu mkubwa katika jambo hili. Kichwa cha madini ya risasi matupu huteleza kwa urahisi, ilhali chenye koti la shaba hung'ang'ania kuta za mtutu, nacho huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili kitoke. Mtu anayetaka kasi ya chini na wakati huohuo anashikilia vichwa vyenye koti anatafuta mambo mawili yasiyopatana. Tumia madini ya risasi, yawe matupu au yaliyopakwa rangi ngumu ya kisasa, na usishuke chini ya kiasi cha kuanzia kilichoandikwa katika jedwali la kichwa hicho na baruti hiyo. Pale jedwali linapotoa kiasi kimoja tu, basi ni hicho.

Kuhusu baruti, chagua miongoni mwa zile zinazowaka haraka, zilizokusudiwa kwa bastola au kwa bunduki za marisau za kulengea visahani vinavyorushwa angani. Hizo huwaka vyema hata shinikizo likiwa dogo, na huhitajika chache, kwa hiyo gesi inayochangia teke nayo huwa chache. Usijaribu kupata risasi ya upole kwa kupunguza baruti za polepole za Magnum. Watengenezaji wa H110, mojawapo ya baruti hizo za polepole, wameonya kwamba isipunguzwe zaidi ya asilimia 3, kwa sababu chini ya hapo mwako huwa hautabiriki na kichwa kinaweza kubaki njiani. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya baruti mbili za haraka, huchukua ile yenye chembe pana na nyepesi, kwa kuwa hujaza nafasi zaidi ndani ya ganda na kosa la maradufu huonekana kirahisi.

Kichwa ninachokipenda ni kile bapa cha greni 148, ambacho hakina ncha na huonekana kama kipande cha silinda. Hukata tundu la duara safi kwenye karatasi, kana kwamba limepigwa kwa mashine ya ofisini, na kwa vile hukaa ndani kabisa ya ganda, hupunguza ile nafasi tupu. Vipo vyenye shimo kitakoni, vya madini laini mno, ambavyo hulenga vizuri sana lakini havivumilii kuharakishwa: ukivizidishia baruti, ukuta ule mwembamba unaolizunguka shimo unaweza kukatika na kubaki mtutuni huku sehemu ya mbele ikitoka. Ugumu wa madini nao usizidishwe. Wengi hununua vichwa vigumu wakiamini kwamba vitachafua mtutu kidogo, kumbe kwa shinikizo dogo kichwa kigumu hakitanuki kuziba mtutu, gesi hupenya pembeni, na madini huyeyuka na kuganda kwenye mifuo ya ndani ya mtutu. Kilicho muhimu zaidi ni kipenyo. Kichwa kinapaswa kupita kwenye matundu ya silinda kwa kusukumwa kidogo kwa kidole au penseli; kikidondoka chenyewe ni chembamba mno, na hakuna baruti itakayorekebisha hilo.

Mdomo wa ganda utanue kidogo tu kabla ya kuweka kichwa, usije ukakwaruza madini laini, kisha uubane taratibu mwishoni. Teke likiwa dogo vichwa havichomoki vyenyewe kwenye maganda, lakini kubana vizuri husaidia baruti kuwaka kwa namna moja kila mara. Maganda yakitoka yakiwa na masizi ubavuni, maana yake shinikizo halikutosha kulitanua ganda likazibe tundu la silinda. Kwa risasi ya shabaha hilo si la kutisha. Fataki ikianza kutokeza nyuma ya ganda hadi silinda ikazunguka kwa ugumu, hapo umeshuka mno. Kwa upande wa afya, fataki nyingi na vichwa vyenyewe vina madini ya risasi, kwa hiyo usile mezani, nawa mikono kwa sabuni, na usizungushe maganda machafu kwenye chombo cha kusafishia ndani ya chumba kisicho na hewa.

Uwanjani, anza na risasi chache za kila kiasi, ukisikiliza. Mlio uliofifia, au teke lisilofika mkononi, ni amri ya kusimama: weka mtutu kuelekea kwenye shabaha, ngoja nusu dakika, fungua silinda, toa kila kitu na upitishe fimbo ya shaba mtutuni kabla ya lingine lolote. Fimbo hiyo haikosi katika mkoba wangu. Mwenye kipima kasi afanye jaribio moja lenye kufundisha sana. Afyatue risasi kadhaa baada ya kuinamisha mtutu kuelekea udongo ulio mbele na kuuinua taratibu, ili baruti ilale karibu na kichwa. Kisha kadhaa baada ya kuuinua kidogo, bila kuvuka kingo ya udongo iliyo mbele, na kuushusha, ili baruti ilale karibu na fataki. Kundi la kwanza likiwa la polepole kupindukia, baruti hiyo haielewani na nafasi iliyomo ndani ya ganda, nami huiacha hata kama matundu yake kwenye karatasi yanapendeza.

Usishangae risasi zako mpya zikipiga chini ya pale ulipozoea. Bastola huanza kuinuka kichwa kikiwa bado ndani ya mtutu, na teke likipungua, mtutu huwa haujainuka kama ulivyozoea wakati kichwa kinatoka. Kwenye vilengeo vinavyorekebishika, inua kile cha nyuma. Kwenye vilengeo vya kudumu, jaribu kichwa kizito zaidi kwa kasi ileile, kwa kuwa huuinua mtutu zaidi kabla ya kutoka na kupiga juu. Teke litaongezeka kidogo, lakini kwa greni 158 badala ya 148 hutalilalamikia. Na wale wanaofyatua .38 Special katika rivolva ya .357 Magnum wasafishe matundu ya silinda kwa brashi ya shaba kila wanapomaliza. Ganda fupi huacha pete ya masizi mbele ya mdomo wake, pete hiyo hukomaa, na siku utakapotaka kurudi kwenye maganda marefu yatakwama, au yatabanwa mdomoni kiasi cha kupandisha shinikizo.