Majivu yanayeyuka motoni au majini?

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya mtambo unaogeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Nimeandika: "Majivu huyeyuka, huanguka majini na kutolewa chini." Mwenzangu akaniuliza, kwani majivu yanayeyuka majini kama chumvi? Nirekebishe vipi? Na yakishaganda niyaite "mavi ya chuma"?

JIBU: Mwenzako hakukosea kuuliza. Samli huyeyuka kwa joto, sukari huyeyuka ndani ya chai, na kitenzi ni kilekile. Ukikiweka jirani na "majini", msomaji anachukua maana ya chai. Kumbe kinachotokea ni kinyume. Majivu yameshayeyuka ndani ya tanuri, kwenye joto la nyuzi 1,300 za Selsiasi na zaidi; yanapogusa maji huganda papo hapo na kupasuka vipandevipande vyeusi, vigumu, vya kioo. Taja basi chanzo cha kuyeyuka, na usikisahau kitenzi cha pili: "Majivu huyeyuka kwa joto la tanuri, hutiririka ukutani hadi chini, kisha huganda yanapoangukia majini."

Kabla ya hapo, hakikisha ni mtambo wa aina gani. Kule Secunda, Afrika Kusini, kampuni ya Sasol ilijenga matanuri ya aina ya Lurgi, ambamo rundo la makaa hukaa juu ya wavu unaozunguka. Humo hutiwa mvuke mwingi kwa makusudi, joto lisipande hadi majivu yakayeyuka. Yanatoka makavu. Joto likizidi, hulainika na kushikamana kuwa mabonge yanayoziba njia, na hilo ni balaa kwa mafundi. Kama maelezo yako ni ya tanuri la namna hiyo, "huyeyuka" hapana. Andika "hushikamana", tena kama hitilafu. Wapo watakaoyaita mabonge hayo "klinka", ila neno hilo wenye viwanda vya saruji wameshalikalia, nami ningewaachia.

"Mavi ya chuma" ni msamiati mzuri wa wahunzi: uchafu wa mawe uliojitenga na chuma tanurini. Lakini hapa hakuna anayefua chuma, na msomaji atakitafuta bure. Mimi natumia "slagi", ngeli ya I-ZI. Angalia tu upatanisho unapovuka kutoka neno moja kwenda jingine: "Majivu yakiyeyuka huwa slagi, nayo hutiririka." Nimeona watu wakiandika "slagi yanatiririka", majivu bado yako kichwani.

Utakutana pia na tabaka la slagi linalogandia ukuta uliopozwa kwa mabomba ya maji. Tabaka hilo hawalibandui, maana ndilo linaloukinga ukuta. Liite "ukoko" bila aibu. Kila aliyepika wali ameshauona, na hauhitaji maelezo.

Jihadhari na "slagi nzito". Je, ina kilo nyingi au inatiririka kwa shida? Sema "mnato". Makaa ambayo majivu yake yana madini ya silika na alumina kwa wingi huhitaji joto kali zaidi kuyeyuka, kwa hiyo huongezewa mawe ya chokaa. Hapo utaandika: "Chokaa huongezwa ili slagi iyeyuke kwa joto la chini zaidi na mnato wake upungue." Ukiandika "ili slagi iwe nyepesi", mwenzako atakurudia na swali jingine.